Pua ya Kuazima

Mwezi wa saba Sechelela alipoteza pua.
Haikukatwa. Ilikuwa palepale usoni, na kipini chake cha fedha,
ila mafua yalipoondoka yaliondoka na harufu zote:
ya mafuta ya taa, ya mtoto aliyetoka kuoga,
na ya kahawa.

Kwa mwingine ungesema pole, utazoea.
Kwa mkaanga buni
ni fundi saa aliyeibiwa macho.

Mashine yake mnaijua, hapo Nkuhungu, nyuma ya duka la chokaa:
pipa la dizeli lililochomelewa mpini na Chitema wa gereji,
linazungushwa kwa mkono juu ya mkaa,
krii, krii, kama geti la shule.
Buni hutoka Mbinga kwa basi, gunia moja,
limeandikwa kwa wino MAMA SECHE DODOMA,
na kondakta hadai nauli ya mzigo, anadai kikombe.

Siku ya kwanza aliunguza kilo nne.
Sisi wa kwenye benchi tuliuona moshi ukigeuka bluu
tukanyamaza, kwa adabu.
Kuna adabu nyingine ni ukatili.
Akamwaga yale makaa chini, akayatazama,
akasema, "Kumbe mlikuwa mnanusa."

Kuanzia hapo tukagawana.
Ndahani, mlinzi wa benki, akitoka lindo alfajiri
na "mbukwenyi" yake nzito ya usingizi,
akapewa harufu ya kwanza, ile ya majani mabichi,
maana alichunga ng'ombe Mpwayungu, majani anayajua.
Mrisho wa cherehani akapewa harufu ya mkate.
"Chapati," akasahihisha. "Mkate ninyi mmeujulia wapi?"
Na mimi, karani niliyeletwa na mafaili kutoka Dar,
niliyefika nimenuna, nikihesabu vumbi kwenye kola,
nikapewa ya mwisho:
sukari inayotaka kuungua na haijaungua.
Hapo nipige kelele, "Toa!"

Kelele! Mimi ambaye kazini huandika
"naomba kuwasilisha."

Tulibishana sana. Mrisho alisema sasa,
Ndahani alisema bado, mimi nilisubiri waafikiane,
na kahawa ya wiki ile ilikuwa na ladha ya kikao.
Watu waliinywa.
Walitafuna kashata kwanza, wakafumba macho, wakainywa.

Kisha upepo wa Agosti, usiobisha hodi,
ukawa unainyakua harufu kwenye pipa na kukimbia nayo barabarani.
Ikabidi Nyemo, wa darasa la sita, asimame ng'ambo
na begi lake mgongoni, pua juu,
akitupigia taarifa: "Bado! Bado! Bado kidogo!"
Wapita njia wakadhani tunauza viwanja.

Sechelela hakusema kitu. Alizungusha.
Alikuwa ameanza kulaza kichwa upande wa pipa,
kama anayesikiliza mtoto anayepumua vibaya usiku.
Mle ndani buni ilikuwa ikisema: pa.
Halafu kimya. Halafu pa, pa-pa,
mtama kwenye kikaango cha mama yake.
Halafu mlio mwingine, mwembamba, wa kijiti kikavu,
ambao sisi, kwa kelele zetu za pua, hatukuwahi kuusikia.

Leo asubuhi baridi ilikuwa kali.
Benchi limejaa, Mrisho ameleta mto wake mwenyewe,
kuna dereva wa bodaboda ambaye hata hanywi kahawa,
amekuja kubishana tu.
Harufu ikapanda: majani, chapati,
ikakaribia yangu. Nikavuta pumzi niite,
na macho yangu yakaangukia mkono wake:

ulikuwa tayari kwenye komeo la pipa,
vidole vimeshakunja kitambaa,
vimetulia, vinangoja.

"Toa!" nikapiga kelele.

"Haya, natoa," akajibu, akafungua,
kahawa ikamwagika kwenye ungo ikiwa na rangi ya mbao ya mninga.
"Bila ninyi sijui ningefanyaje."

Ndahani akavimba kifua.
Sikuwaambia wenzangu.